UZI: Presha, mishipa iliyoziba, na swali moja la kubeba hadi kitandani kwa mgonjwa

Nesi wa Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nasimamia wanafunzi wa uuguzi wodini, na kila msimu wa mitihani ya mdomo ukifika narudia kuona jambo lilelile. Mwanafunzi anakumwagia madaraja ya presha, makundi ya dawa na madhara yake bila kumeza mate. Unamwambia: haya, kitanda cha tatu ana 90 kwa 50, unafanya nini? "Namtundikia dripu." Ukiangalia kitanda cha tatu, ni binti mwembamba anayecheka na jirani yake, mkojo unatoka vizuri, vidole vina joto, na faili linaonyesha hiyo ndiyo presha yake ya siku zote. Kitanda cha nne kuna mzee mwenye 118 kwa 76, namba ya kupendeza. Juzi alikuwa 170. Leo miguu ya baridi, hajakojoa tangu alfajiri, na ukimuuliza jina anachelewa kujibu. Mwanafunzi kampita.

Kwa hiyo humu sitarudia notisi zenu. Nataka tuzungumzie presha na magonjwa ya ateri (mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni) kwa kutumia swali moja tu: je, damu inafika? Presha ni nguvu inayosukuma. Nguvu inaweza kuwepo na damu isifike, na inaweza kupungua kidogo huku kila kiungo kikishiba.

Hesabu ya kuanzia ni fupi. Presha ni kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa dakika, mara upinzani wa mishipa. Moyo wa mtu mzima aliyetulia unasukuma kama mililita 70 kwa pigo. Zidisha kwa mapigo 70, unapata karibu lita 5 kwa dakika. Upinzani mwingi uko kwenye ateri ndogo kabisa, zile zinazotangulia kapilari, na hapo kuna ukatili wa fizikia: punguza kipenyo cha mshipa kiwe nusu, upinzani unapanda mara 16. Si mara 2. Ndiyo maana mwili unaendesha presha kwa kubana na kulegeza vimishipa hivyo, na ndiyo maana uchafu mdogo ukutani mwa ateri si mdogo.

Kumbukeni pampu, maji, bomba. Kila ugonjwa na kila dawa tutakayoitaja inagusa kimojawapo au viwili. Naendelea baada ya kupata chai.

---

Mwaka wa Pili

Nesi nimekaa mbele kabisa. Swali la haraka kabla hujaendelea: presha ya kupanda inaanzia 130 au 140? Mwalimu mmoja anasema hivi, kitabu kinasema vile.

---

Nesi wa Usiku

Wote wawili wako sahihi kwa kitabu chao. Wamarekani mwaka 2017 walishusha mstari hadi 130 kwa 80. Ulaya na Shirika la Afya Duniani bado wanatumia 140 kwa 90 kumwita mtu mgonjwa wa presha. Kwenye mtihani, jibu kwa mwongozo unaofundishwa na uutaje. Kitandani, elewa kwamba hatari haina ukuta: 138 na 142 ni majirani.

Kuhusu kushusha hadi wapi, utafiti wa SPRINT uliotoka 2015 ulichukua watu zaidi ya 9,300, nusu wakalengwa chini ya 120 na nusu chini ya 140. Waliolengwa chini walipata matatizo machache zaidi ya moyo na vifo vilipungua. Ila nao walizidi kuzimia, presha kushuka mno na figo kuumia. Na wagonjwa wa kisukari na waliowahi kupata kiharusi hawakuwemo, kwa hiyo usimwekee kila mtu namba hiyo.

Sasa kabla ya kubishania 130 na 140, kipimo chenyewe umekipataje? Kuna siku mwanafunzi aliniletea 172 kwa 104 ya mama mmoja mnene. Daktari keshaanza kuandika dawa ya pili. Nikaenda na kafu kubwa (ule mkanda wa kupimia unaofungwa mkononi), nikamkalisha, tukanyamaza dakika tano. 144 kwa 88. Kafu ndogo kwenye mkono mnene inaongeza namba, na hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa inaning'inia kwenye mashine kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Mpira wa ndani wa kafu uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkono uegemezwe usawa wa moyo. Ukining'inia chini, kila sentimita 10 inakuongezea kama milimita 7 au 8 za zebaki. Mgongo uegemee kiti, miguu isipishane, kibofu kiwe tupu, na nusu saa kabla asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa. Asiongee. Na wewe usimwongeleshe! Hapo wengi tunajikwaa, tunapima huku tunauliza "watoto hawajambo?"

Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha tumia ule uliotoa namba kubwa. Tofauti ikizidi 15 hivi, kuna ateri ya kuchunguzwa. Tofauti kubwa kwa mtu anayelia maumivu ya kuchanika kifuani yakielekea mgongoni, usirudie kupima mara tatu, ita msaada: ukuta wa aorta, ateri kubwa inayotoka moyoni, unaweza kuwa unapasuka matabaka.

---

Msoma Taa

Naongezea kwa wanaopima kwa stetoskopu. Kwanza papasa mpigo wa mkononi huku unajaza hewa, ukipotea ongeza 30 ndipo uanze kushusha, milimita 2 kwa sekunde. Kwa wazee wenye presha ya juu sauti zinaweza kutokea, zikapotea katikati, zikarudi. Asiyepapasa anaanzia chini ya pengo na kuandika 150 badala ya 190. Sauti zenyewe zilielezwa na Mrusi Nikolai Korotkoff mwaka 1905, na kafu ilitangulia kutoka kwa Muitaliano Riva-Rocci mwaka 1896. Karne nzima na zaidi bado tunaharakisha kushusha hewa.

---

Nesi wa Usiku

Ahsante Msoma Taa, hilo la pengo nililisahau.

Twende kwenye ugonjwa wenyewe. Kati ya wagonjwa wa presha ya kupanda, zaidi ya 9 katika 10 hatupati chanzo kimoja. Hao wengine tafuta figo, ateri ya figo iliyobanwa, tezi za juu ya figo zinazotoa homoni ya aldosteroni kupita kiasi, kukosa pumzi usingizini, na dawa. Dawa hizi ziulizwe waziwazi: za maumivu aina ya diklofenaki na ibuprofeni, za kuzuia mimba zenye estrojeni, steroidi, za kufungua pua. Mgonjwa hatakuambia kwa kuwa kwake hizo "si dawa za presha".

Je, presha ya juu bila maumivu inadhuru nini? Zamani hata madaktari wakubwa waliamini mwili unaipandisha kwa faida yake. Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, aliishi na presha iliyokuwa ikipanda mwaka hadi mwaka, na dawa za maana hazikuwepo. Mchana wa tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa kinamuuma vibaya nyuma, akazimia; daktari wake alipima 300 kwa 190. Alikufa siku hiyo kwa damu kuvuja ubongoni. Miaka mitatu baadaye, 1948, ukaanza utafiti wa mji wa Framingham uliofuatilia watu wa kawaida miaka na miaka na kuonyesha presha, kolesteroli na sigara zinavyotangulia ugonjwa wa moyo.

Ukuta wa ateri ukipigwa hivyo kila siku, utando wake wa ndani unachubuka. Kolesteroli mbaya inapenya, seli za kinga zinaifuata na kuimeza hadi zinajaa mafuta, na uvimbe unaota ukutani ukiwa na kofia ngumu juu. Wengi wanadhani hatari ni uvimbe kuziba polepole. Uvimbe mdogo wenye kofia nyembamba ni mbaya kuliko mkubwa mgumu, kwa sababu kofia ikichanika damu inagandia pale ndani ya dakika. Kwenye moyo ni shambulio, kwenye ubongo ni kiharusi, mguuni nitafika.

---

Mwaka wa Pili

Dawa sasa, Nesi. Hapo ndipo ninapokufa.

---

Nesi wa Usiku

Usikariri orodha. Uliza inagusa nini.

*Maji:* dawa za kukojoza kama haidroklorothiazidi. Angalia potasiamu na sodiamu zisishuke, na mwenye gauti (jongo) anaweza kuamka kidole gumba cha mguu kimevimba. Mpe asubuhi, vinginevyo utamkuta njiani kwenda chooni usiku, na wazee wanaanguka hapo.

*Pampu:* atenololi, propranololi na ndugu zao. Hesabu mapigo kabla ya kutoa. Chini ya 50 au 60, kulingana na maelekezo ya wodi, simama uulize. Propranololi na mgonjwa wa pumu hawakai chumba kimoja. Kwa anayetumia insulini, dalili za sukari kushuka kama moyo kwenda mbio na kutetemeka zinafichwa, ila jasho linabaki. Na zisikatishwe ghafla.

*Bomba:* amlodipini inalegeza ukuta wa ateri. Vifundo vya miguu vikivimba, usikimbilie kuomba dawa ya kukojoza. Uvimbe huo unatokana na dawa yenyewe, si maji kuzidi mwilini.

Kundi la nne nalipenda zaidi, enalaprili, kaptoprili na wenzao, na losatani kwa jirani. Figo ikihisi damu haifiki vizuri inatoa renini. Renini inaikata protini ya ini kuwa anjiotensini ya kwanza, kimeng'enya kilichojaa kwenye mishipa ya mapafu kinaigeuza kuwa ya pili, na ya pili inabana bomba na kuamuru aldosteroni ibakize chumvi na maji. Enalaprili inazuia kimeng'enya, losatani inaziba mlango wa anjiotensini ya pili. Wazo la kaptoprili lilitoka kwenye sumu ya nyoka wa Brazili, jararaka, ambaye presha ya aliyeng'atwa huporomoka. Kimeng'enya hicho pia huvunja bradikinini, ndiyo sababu ukikizuia mgonjwa anapata kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kikohozi. Midomo au ulimi ukivimba, hiyo ni dharura ya njia ya hewa na dawa hiyo hairudiwi tena maishani. Potasiamu inapanda. Wajawazito hapana kabisa.

Tuliza akili hapa, maana mtihani unapenda pale ateri za figo zote mbili zimebanwa. Damu inayoingia kwenye kichujio ni kidogo, kwa hiyo figo inabana mlango wa kutokea ili presha ya kuchuja ibaki. Anayebana mlango huo ni anjiotensini ya pili. Ukimpa enalaprili mlango unafunguka, presha ya mkononi inapendeza, na kreatinini (taka ya damuni inayoonyesha figo inavyochuja) inapaa. Umeshusha namba na umekata maji kiwandani. Ndiyo maana tunapima kreatinini na potasiamu wiki moja au mbili baada ya kuanza. Kreatinini kupanda kidogo, hadi asilimia 30 hivi, huvumiliwa. Zaidi ya hapo mtu aulize ateri za figo.

---

Mzee wa Dharura

Nimesoma kimya kimya. Sasa niulize, ninapofanyia kazi mtu akija na 210 kwa 120 bado kuna anayetoboa kidonge cha nifedipini na kumdondoshea chini ya ulimi. Namba inashuka, kila mtu anafurahi. Wewe unasemaje?

---

Nesi wa Usiku

Nasema hapana, na tena swali ni lilelile. Ubongo uliozoea presha ya juu kwa miaka umehamisha mizani yake juu. Ukimshusha ghafla hadi 130, kwako ni kawaida, kwake ni ukame. Nifedipini ya namna hiyo haipimiki, na inajulikana kwa kuleta kiharusi na shambulio la moyo.

Kwanza tenganisha. Zaidi ya 180 kwa 120 *na* kiungo kinaumia, yaani kuchanganyikiwa, degedege, maumivu ya kifua, mapafu kujaa maji, macho kufifia, figo kugoma: hiyo ni dharura. Dawa ipite mshipani, kwa mashine ya kupimia matone, mahali anapotazamwa muda wote. Wastani wa presha usishuke zaidi ya robo ndani ya saa ya kwanza, kisha polepole kuelekea 160 kwa 100 katika saa 2 hadi 6 zinazofuata. Wastani unapatikana kwa namba ya juu jumlisha namba ya chini mara mbili, gawanya kwa 3. Mwenye 210 kwa 120 ana 150. Saa ya kwanza usimpeleke chini ya kama 112.

Namba hiyohiyo bila kiungo kuumia: mkalishe, mtulize maumivu, uliza kama aliacha dawa zake (mara nyingi jibu liko hapa), rudisha vidonge, mfuatilie. Hakuna mbio.

Wapo wa kipekee. Aorta inayochanika inataka mapigo na presha vishuke haraka, namba ya juu chini ya 120. Kiharusi cha kuziba kinyume chake: presha ya juu ndiyo inayosukuma damu kuzunguka palipoziba, kwa hiyo huachwa hadi 220 kwa 120, isipokuwa akipewa dawa ya kuyeyusha bonge, hapo iwe chini ya 185 kwa 110 kabla ya kuanza.

---

Mkunga Mwenye Saa

Mmepita wajawazito kwa sentensi moja, haiwezekani. Baada ya wiki 20 za ujauzito, 140 kwa 90 pamoja na protini kwenye mkojo au dalili za viungo kuumia, tunazungumzia utangulizi wa kifafa cha mimba. 160 kwa 110 haingoji asubuhi. Labetaloli, hidralazini, au nifedipini ya kumeza. Kumeza, Mzee wa Dharura, si chini ya ulimi. Methildopa ni ya safari ndefu.

Na wanafunzi, magnesiamu salfeti *haishushi presha*. Inazuia degedege. Kabla ya kila dozi gonga goti, hesabu pumzi, angalia mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Goti likinyamaza, usitoe. Goti linatangulia kunyamaza, pumzi inafuata. Kalsiamu glukoneti gramu 1 iwe pembeni ya kitanda, si kwenye kabati lenye ufunguo kwa mtu aliyeenda kula.

---

Nesi wa Usiku

Nimepigwa kwa haki, Mkunga. Hilo la ufunguo limenikumbusha mambo.

Presha ya kushuka nitaipita haraka, inastahili uzi wake. Mzee anayepata kizunguzungu akisimama: pima amelala, kisha ndani ya dakika 3 za kusimama, ikishuka 20 juu au 10 chini, umempata. Hali ya damu kutofika mwili mzima tunaiita mshtuko, na nyuma yake pampu imechoka, maji yameisha, bomba limelegea kila mahali (maambukizi makali au mzio), au kitu kimeziba njia kubwa. Presha ni ya mwisho kuporomoka, hasa kwa vijana. Mapigo kwenda mbio, pumzi kuongezeka, ngozi baridi na mkojo kupungua vinatangulia. Mzio mkali ni adrenalini kwenye msuli wa paja kwa nje, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kabla ya hidrokotisoni na mengine yote.

Sasa mguu. Mtu anatembea, mashavu ya miguu yanabana, anasimama dakika chache, maumivu yanaisha, anatembea umbali uleule yanarudi. Hiyo ni ateri iliyobanwa: msuli unadai damu na haifiki. Anapewa dawa ya kolesteroli, aspirini au klopidogreli, presha na sukari vidhibitiwe, sigara iachwe. Na atembee! Dakika 30 hadi 45, mara 3 kwa wiki, kwa miezi 3, hadi maumivu, apumzike, aendelee. Wanafunzi wengi wanamwambia apumzishe mguu. Silostazoli husaidia umbali, ila mwenye moyo ulioshindwa kazi hapewi.

Pia kosa la mto. Mgonjwa ana kidonda mguuni, nesi anaweka mito miwili kuinua mguu. Kama ni kidonda cha vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), karibu na kifundo kwa ndani, chenye majimaji na ngozi ya kahawia pembeni, umemsaidia. Kama ni cha ateri, kwenye vidole au kisigino, kikavu, kingo kama zimekatwa kwa kipekecho, kinauma kikiinuliwa, umeondoa hata ile damu iliyokuwa inateremka kwa uzito wake. Ndiyo maana usiku unawakuta wananing'iniza mguu kitandani. Bandeji ya kubana haifungwi kabla ya kupima damu ya mguu.

Na mguu unaogeuka ghafla: maumivu, weupe, hakuna mpigo, ganzi, baridi, kupooza. Usisubiri zote. Kuna kama saa 6 kabla msuli haujaanza kufa.

---

Mwaka wa Pili

Nesi, hili la kupima damu ya mguu limenigusa maana jana nilifanya. Baba wa miaka 60 na kitu, kisukari cha muda mrefu, figo pia. Nikagawanya presha ya kifundo kwa ya mkono nikapata 1.5. Notisi zinasema 0.9 kushuka ndiyo ugonjwa, na 1.0 hadi 1.4 ni kawaida. Nikaandika "mzunguko mzuri wa damu". Nilikosea?

---

Nesi wa Usiku

Umegawanya sawa, umesoma vibaya. Zaidi ya 1.4 maana yake kafu haikuweza kuibana ateri. Kwenye kisukari cha muda mrefu na figo, ukuta wa ateri unajaa kalsiamu unakuwa kama bomba la chuma. Umepima ugumu wa bomba, hujapima damu. Ateri za vidole mara nyingi haziwi ngumu hivyo, kwa hiyo apimwe presha ya kidole gumba cha mguu. Kisha acha mashine: mpigo juu ya unyayo ukoje, ukibonyeza ncha ya kidole rangi inarudi baada ya sekunde ngapi, katikati ya vidole kuna nini?

---

Mwaka wa Pili

Niko zamu sasa hivi, nimemvua soksi. Mpigo siupati mguu wa kulia. Rangi inarudi baada ya sekunde sita, nimehesabu mara mbili. Kidole cha nne na cha tano, kwa ndani, kuna weusi mdogo kama punje ya mtama. Yeye anasema hauumi, hana hisia pale tangu mwaka jana. Nimekata ile sentensi ya jana kwa mstari mmoja nikasaini, nampigia daktari wa zamu.

---

Nesi wa Usiku

Andika na saa uliyompigia. Usimfunge bandeji, na usiuweke mguu karibu na chupa ya maji ya moto hata akiomba.